Pumzi Sitini za Mgonjwa Namba Tisa

Kwa miaka kumi na minne Herbert Wanyonyi alilinda mageti ya watu Doha, na hakuwahi hata siku moja kuchelewa kuandika kitabu cha doria. Alikiandika mapema. Akiingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, chai yake haijapoa, habari za siku nzima zilikuwa zimeshaandikwa: saa mbili, hali shwari, saa nne, hali shwari, hivyo hivyo mpaka jioni. Wenzake husimulia kwamba kuna siku lori lilirudi nyuma, likaling'oa geti zima na kwenda nalo hadi barabara ya Salwa, huku kitabu kikiapa kwamba geti lipo na limefungwa vizuri.

Ndiyo maana Agosti ya 2014, kiharusi kilipomwangusha getini Al Rayyan saa saba mchana, kitabu kilikuwa kimeshathibitisha kwamba saa nane alikuwa amesimama imara.

Alizinduka hospitalini mkono wa kulia ukining'inia kama mkono wa koti lililotundikwa. Pumzi nazo zilikuwa fupi. Alianza salamu, ikamwishia njiani. Kampuni ikampa wiki nane za mazoezi. Baada ya hapo Mudir Paul, Mganda wa Mbale aliyesimamia mageti yote ya Al Rayyan, angekuja na ripoti ya daktari mkononi: ama Herbert ainue redio kwa mkono wa kulia na kutoa taarifa bila kukatika, ama apande ndege arudi Bungoma moja kwa moja. Binti yake Virginia alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Herbert alihitaji mkataba mmoja zaidi, mmoja tu.

Katika kituo cha mazoezi alipokewa na Jebet, binti wa Kericho, mtaalamu wa viungo asiyecheka ovyo. Alimvika mkanda kichwani, akapachika sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, akabonyeza kitufe. Herbert akahisi siafu wakipiga gwaride chini ya nywele. Dakika ishirini siafu walitembea, naye akihamisha vikombe kutoka upande huu wa meza hadi ule.

"Umeme huu ni mdogo sana, Mzee," Jebet alisema. "Unaamsha ubongo ujifunze upya. Kazi yenyewe ni yako."

Kisha akampa kifaa cha plastiki chenye mrija na mipira mitatu. Kuvuta pumzi mpaka mipira ipande; mara thelathini asubuhi, thelathini jioni; na kila mara aandike kwenye fomu.

Fomu! Herbert nusura acheke. Sasa walikuwa wamefika kwenye fani yake.

Muaither, kwenye nyumba ya wafanyakazi waliyoishi watu kumi na wanane kwa mabafu mawili, habari za umeme zilifika kabla yake.

"Wanakuchaji kama simu," Levis, mlinzi mwenzake wa chumba kimoja, alimwambia, akikaa mbali kidogo. "Sasa ukishika bomba na umeme wako huo, si tutakauka sote?"

"Daktari amesema nioge peke yangu," Herbert akajibu bila kupepesa. "Na maji yapumzike nusu saa baada yangu."

Kuanzia siku hiyo alikuwa mtu pekee wa Muaither aliyeoga saa kumi na moja alfajiri bila kugongewa mlango. Kiharusi hakikuwa kibaya kiasi hicho.

Fomu aliijaza kila Jumapili asubuhi, wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kwa mkono wa kushoto. Pumzi thelathini, mipira mitatu, hali shwari. Kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, hakutaka kumvunja moyo daktari. Wiki ya pili akapandisha hadi arobaini, ya nne hamsini, ya tano sitini.

Daktari Munir, aliyekuwa akiifanyia utafiti tiba hiyo ya umeme, alichora kutokana na fomu hizo mstari uliopanda kama ndege inayoacha uwanja. Aliuonyesha kwenye mikutano. Alimwita Herbert "Mgonjwa Namba Tisa" kwa sauti ambayo watu hutumia kumtaja mtoto wao aliyefaulu mtihani. Jumanne moja akaleta wageni sita wenye makoti meupe waje wajionee.

Jebet akafungua mfuko wa Herbert na kutoa kifaa cha pumzi. Kilikuwa bado kimefungwa nailoni ya dukani.

Makoti meupe yakakitazama kifaa.

"Mnaona usafi huo!" Daktari Munir akasema.

Nailoni ikachanwa. Herbert akavuta pumzi kwa nguvu zote alizoletwa nazo duniani. Mpira wa kwanza ukatikisika kama mtu aliyeamshwa vibaya, ukarudi kulala. Daktari akawaeleza wageni kwamba siku hiyo hewa ilikuwa nzito.

Walipoondoka, Jebet alimvuta Herbert koridoni, fomu mkononi.

"Baba Virginia. Leo ni siku gani?"

"Jumanne, sista."

"Hapa umeandika umepumua mara sitini Ijumaa. Ijumaa gani?"

"Hii inayokuja. Sisi hujaza mapema, ili zamu isikukute umechoka."

Jebet akaikunja fomu. "Basi kwa wiki tano nimekuwa nakutia chumvi kwenye nywele tu. Zimebaki tatu. Kazi ni yako au ni ya fomu?"

Siku hiyo Herbert aliketi kitandani na kifaa, Levis akimhesabia kama mtangazaji wa mpira. Walipomaliza aliandika kwa mkono uleule wa kushoto: "Pumzi nne. Mpira mmoja. Nimekohoa. Hali si shwari." Maneno hayo matatu ya mwisho yalimtoa jasho kuliko mazoezi yenyewe.

Kesho yake zilikuwa pumzi sita. Baada ya siku kumi, kumi na tano na mipira miwili. Vikombe vilianza kutii. Wiki ya nane alifikisha ishirini na mbili.

Lakini mstari wa Daktari Munir haukujua hayo. Ulijua kwamba mtu wa pumzi sitini ameanguka hadi nne na sasa anajikokota. Akaandika ripoti kwa huzuni: mgonjwa ameporomoka ghafla, haieleweki.

Mudir Paul alifika kituo cha mazoezi na ripoti hiyo, Jebet akiwa pembeni.

"Pole sana, mzee wangu," akasema. "Daktari anasema unarudi nyuma. Lakini jaribu tu, tufuate utaratibu." Akaweka redio mezani.

Herbert aliona njia zote mbili. Akinyamaza, karatasi ingempeleka uwanja wa ndege. Akieleza kwa nini karatasi ni ya uongo, ni kukiri mbele ya bosi kwamba mlinzi wake hughushi kumbukumbu, na hilo adhabu yake ni ndege ileile. Akaishika redio kwa mkono wa kulia. Mkono ukapanda, ukasita kifuani, ukafika mdomoni. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, kutoka tumboni, akabonyeza.

"Mageti yote, mageti yote, huyu ni Herbert, pumzi sitini zilikuwa uongo, niliziandika kabla ya kupumua, kama ninavyojaza kitabu cha doria tangu nifike nchi hii, lakini ishirini na mbili za jana ni za kweli, na mkono unaoshika redio hii ni wa kulia, mwisho."

Hakukatika hata mara moja.

Mageti yote kumi na moja ya Al Rayyan yaliyapokea maneno hayo. Kisha sauti ya Levis ikapasua: "Mzee, zima hiyo kitu! Unatuua!" Nyuma yake ikasikika mtu akipekua karatasi haraka haraka, na mwingine akiuliza sasa hivi ni saa ngapi.

Mudir Paul akaisikiliza redio yake kwa uso wa mtu anayepiga hesabu. Akimfukuza huyu kwa kosa hilo, ingebidi awafukuze wote, na kesho asubuhi mageti yote yangebaki yakijilinda yenyewe.

"Wewe mzee ni hatari," akasema hatimaye.

Akatoa karatasi mbili: ya kurudi kazini, na ya onyo kali. "Tia sahihi. Kwa huo mkono wa kulia unaojisifia."

Jebet akamshikia karatasi. Kalamu ilipanda, ikashuka, ikapumzika, ikavuka ukingo na kumalizikia kwenye mbao za meza. Dakika kumi zilipita. Mudir akaugeuza ule mchoro juu chini.

"Hii ni nini?"

"Ni mimi," Herbert akasema.