Mjumbe Asiye Mtendaji

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa hospitali, karibu na dirisha la dawa lisilokuwa na dawa. Fundi bomba mstaafu wa hospitali hiyohiyo alilisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari, kisha akampigia binti yake amfafanulie. Bodi ya hospitali ilikuwa inatafuta mjumbe mmoja kutoka kwa wananchi, mjumbe asiye mtendaji.

Binti, ambaye ni karani wa shule, akamweleza kwamba huyo ni mtu anayekaa meza moja na wakubwa bila kuwa mwajiriwa wao. Hashiki kazi. Anawauliza walioishika.

"Basi wakubwa wenyewe ndio wasio watendaji," akasema fundi. "Mimi nimetenda miaka ishirini na sita."

Kiti hicho alikitaka kuliko kitu chochote tangu afiwe. Mkewe alifia wodi namba tatu, ghorofani, wiki ambayo bomba la juu lilikuwa kavu. Muuguzi alikuwa ameshuka na ndoo kuteka maji chini. Aliporudi, mgonjwa ameshakata roho. Hakuna mkubwa aliyeulizwa. Mkurugenzi alituma pole kwenye karatasi yenye mhuri, na bomba likabaki kavu vilevile. Fundi alitaka kukaa mbele ya mtu yule, macho kwa macho, naye asiweze kuinuka.

Binti alimwandikia barua ya maombi, akamnoa kwa simu wiki nzima. Asiseme atafanya; aseme atauliza, atafuatilia, atataka majibu kwa maandishi. Asome taarifa ya mwaka. Atafute wadhamini wawili wasio ndugu. Fundi aliitikia ndiyo, ndiyo, huku akisugua viatu.

Kilichomtibua ni habari kwamba shemeji yake naye ameomba. Huyu alikuwa kaka wa marehemu, kinyozi, mtaa mzima ukimwita Mkasi, si kwa kazi yake bali kwa mdomo. Hajawahi kukaza hata skrubu. Siku ya msiba alilia kuliko mfiwa, watu wakamshika mkono yeye kwanza. Kichwani hana hata unywele mmoja wa mvi. Fundi aliyajua yote hayo moja moja, kama mtu anavyolijua jino lake bovu.

Siku ya usaili walikutana kwenye korido, Mkasi ndani ya koti la kuazima lililomkaa kana kwamba limeshonwa kwa ajili yake.

"Shemeji, tukikosa wote tutasema walipanga," akasema.

"Ukipata wewe ndipo nitajua walipanga."

Mkasi akacheka. Alidhani ni utani.

Jopo lilikuwa la watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja mpole. Akamuuliza fundi: akigundua wodi fulani haina maji, yeye kama mjumbe atafanya nini? Fundi hajawahi kuulizwa swali tamu namna hiyo. Akasema angepanda juu mwenyewe. Akaeleza ilipo vali iliyokufa, ni ya saizi gani, spana ipi inaingia, na kwamba ikipatikana vali mpya, saa mbili zinamtosha. Akachora na mchoro kwenye karatasi yao. Mama akajaribu tena, taratibu: na mkurugenzi je, angemwambia nini?

"Nisingemsumbua," akasema fundi. "Angenichelewesha tu."

Wakaandika. Akatoka kifua mbele.

Mkasi, kama alivyosimulia baadaye huku ananyoa, aliulizwa lilelile. Akasema mabomba hayajui, ila angeuliza maji yamekatika tangu lini, nani aliambiwa, na mbona bado. Ndiyo kazi yake, akawaambia, kuwahoji watu waliofungwa shuka shingoni. Jopo likacheka. Baada ya siku nane jina lake likabandikwa ubaoni.

Binti alisema, "Baba, si nilikwambia?" Fundi akajibu kwamba wakubwa humchagua asiyejua ili wapate wa kumdanganya. Na hakukosea sana, maana haikupita wiki mbili Mkasi akaja na rundo la makaratasi kifuani, uso umemshuka. Kikao kesho kutwa. Amesoma kurasa zote, ameona sentensi moja tu: maji yapo wakati wote. Aulize nini wasichoweza kukikwepa?

Fundi akayapokea makaratasi. Angeweza kumpa swali bovu. Akilini alimwona Mkasi akiulizia matangi ya paa, yaliyojaa siku zote, mkurugenzi akitabasamu, meza nzima ikimcheka. Utamu wa picha ile ukampanda mpaka kooni.

"Dada alikuwa anaomba maji, shemeji," Mkasi akasema polepole. "Muuguzi aliniambia."

Fundi hakujua. Miaka miwili, na hakuna aliyemwambia. Hata hilo Mkasi alikuwa nalo peke yake, na hata hilo fundi akamwonea wivu.

"Usiulize kama maji yapo," akasema mwishowe. "Uliza daftari la hitilafu. Ile vali niliiandika mara tatu kabla sijastaafu, na kila mara mkurugenzi akatia sahihi kwamba ameona. Waambie walilete mezani. Halafu ufunge huo mdomo wako, umwache ajibu yeye."

Daftari lililetwa. Sahihi zilikuwa tatu. Mkasi, kwa mara ya kwanza maishani, alifunga mdomo, na mkurugenzi akatafuta maneno mpaka akaishiwa. Kabla mwezi haujaisha maji yalipanda wodi namba tatu.

Mtaa ukafurika kinyozini kumpongeza. Mkasi akawaambia wazi, mkasi ukiwa mkononi, kwamba swali halikuwa lake, lilikuwa la shemeji yake. Watu wakatazamana. Oneni mtu asiye na makuu, wakasema, wakamsifu upya.

Fundi aliyasikia yote akiwa palepale kwenye benchi, anasubiri zamu yake ya kunyolewa, na hakuna aliyegeuka kumtazama.