Kalenda ya Watu Wanne

Ofisi ilikuwa ya vyumba viwili juu ya duka la rangi, na watu wake walikuwa wanne: Injinia aliyeianzisha, mdogo wake aliyepokea wageni na kuandika barua, mchora ramani, na mpimaji aliyeshinda nje zaidi kuliko ndani. Kila mmoja alikuwa na baruapepe yake na shajara yake, na kwa miaka kumi na tisa hakuna kilichoharibika, maana Injinia alikuwa na kichwa kisichosahau. Watu walitania kwamba mama yule angekutajia idadi ya nondo za jengo alilolikagua kabla hujazaliwa.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Mara mbili alikwenda kukagua msingi siku siyo, na siku yenyewe mafundi wakamngoja mpaka zege likaanza kuganda. Mdogo mtu aliyaona, akayameza. Mwishowe akamwita fundi wa kompyuta, akawaambia wenzake ni mambo ya kisasa tu: anwani moja ya ofisi, kila barua ionwe na wote, na kalenda moja ya kuwakumbusha wote wanne kwenye simu zao. Moyoni alijua anamshonea dada yake kiraka, na alikuwa akiomba kisionekane.

Fundi alianza asubuhi. Alimpa kila mtu rangi yake kwenye kalenda, na mpimaji alipoona yake akapiga kelele: "Waridi? Mimi na mvi zangu hizi?" Wakacheka, hata Injinia.

Ilipofika zamu ya kuhamisha barua za zamani, fundi aligeuka kwenye kiti.

"Mama, samahani. Kuna barua tatu hapa, kwa mteja mmoja, siku moja. Ya kwanza inasema ukuta uvunjwe, ya pili usivunjwe, ya tatu inauliza ukuta gani. Nihamishe zote?"

Mdogo mtu alimkonyeza, lakini maji yalikwisha kumwagika. Injinia alikuwa amesimama nyuma yao.

"Nipishe nisome."

Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena, kidole kikifuata mistari kwenye kioo kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hizi nimeandika mimi?"

Mchora ramani akainamia karatasi zake. Fundi akasingizia waya, akaingia chini ya meza.

"Nakuuliza wewe, mdogo wangu."

"Ndiyo, dada."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na kalenda hii ni ya ofisi, au ni yangu mimi?"

Machozi ya mdogo mtu yakajibu. Injinia akavuta kiti, akaketi taratibu kama mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika.

Fundi alipojitokeza, aliuliza kwa sauti ya chini ni akina nani waruhusiwe kubadilisha kalenda.

"Wote," mdogo mtu akawahi kusema.

"Watatu," Injinia akasema. "Mimi niwekee kusoma tu. Nisije nikawavurugia siku zenu." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Andika na siku ya kwenda kwa daktari."

"Nitakuandikia pembeni, dada, wengine wasione."

"Andika wazi. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Wakaandika: Alhamisi, saa nne, Injinia kwa daktari. Ndilo likawa jambo la kwanza kwenye kalenda ile.

Daktari hakuwapa maneno ya kuwafariji. Injinia aliendelea kuja kazini miezi saba. Kila barua yake ilipita kwa mdogo wake kabla ya kutoka, na kila mchoro ulisomwa na mchora ramani kabla Injinia hajausaini. Siku nyingine alikuwa yule yule wa zamani, anakosoa nguzo kwa kuitazama mara moja tu. Siku nyingine alimwita mdogo wake "mama".

Jumatatu moja alitoa mkobani muhuri wake wa kupitishia michoro, akauweka mbele ya mchora ramani, bila kuambiwa na mtu.

"Nikiomba nirudishiwe," alisema, "msinipe."

Aliuomba Jumatano. Mchora ramani akatazama sakafu. Mdogo mtu ndiye aliyemshika dada yake mkono, akamwambia hapana, kwa upole, mara nne.