Watani Walipoamkiana kwa Adabu

Haya nitakayosimulia ni kweli tupu, kweli ya kuapiwa. Naapa kwa pensheni yangu, ambayo ni ndogo lakini naipenda, na kwa jogoo wangu mwekundu, yule ambaye akiwika, misikiti na makanisa ya mtaa wetu mzima wa Nyasubi husubiri amalize. Atakayenikuta nimetia chumvi hata punje, jogoo ni wake. Altaf mwenye duka, ambaye kibaraza chake ndicho tumekikalia, ni shahidi.

Basi hapa hapa Kahama kuna ofisi ya shirika liitwalo Jirani na Mataifa. Makao yake makuu yako Ulaya, kwenye jengo refu hivi kwamba wafanyakazi wa juu hufungua miavuli ya mvua wakati wa chini wanalalamikia jua. Kazi yao ni kupatanisha: nchi na nchi, na nchi zikitulia, kijiji na kijiji. Humo ndimo alimokuwa Loveness, binti wa Mpwapwa. Alikuwa amesomea uhusiano wa kimataifa na wakati ule alikuwa kwenye mafunzo ya kazi, na mtu wa mafunzo mnamjua: anajifunza diplomasia kwa kuchemsha chai.

Kule Nyarugusu palikuwa na lambo moja. Upande huu wafugaji wa Mzee Masele walinyweshea ng'ombe. Upande ule wachimbaji wa Mzee Eliya walikuwa na mwalo wao wa kuoshea mchanga wa dhahabu, na zebaki wanayokamatia dhahabu ikawa inateremka majini. Mtamba wa Masele akanywa, akafa. Vijana wa Masele wakakata mipira ya maji ya wachimbaji. Tangu hapo kila upande ukawa unanoa kitu.

Shirika likaitisha vikao. Viwili vilikwisha kufanyika, na Davis, mkuu wa ofisi, alikuwa anarudi nyumbani anapiga mluzi.

"Umewasikia?" alimwambia Loveness ndani ya gari. "'Mheshimiwa.' 'Ndugu yangu.' 'Tafadhali.' Andika kwenye taarifa: hali inatia moyo."

Loveness hakuandika.

"Bosi, wale wanachukiana."

"Kwa dalili gani?"

"Mzee Masele ni Msukuma. Mzee Eliya ni Mgogo, kama mimi. Hao ni watani, bosi! Tangu nizaliwe sijaona Msukuma akimwita Mgogo mheshimiwa. Hapo ujue panga liko chini ya kiti."

Davis alikulia Arusha na kusomea mbali. Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo wewe unataka watukanane?"

"Ndiyo."

"Kikao kijacho wageni wa makao makuu watakuwepo. Wasipoona makubaliano, mradi unahamishwa, na lambo linabaki na sumu yake. Unataka watukanane mbele ya wageni?"

"Hasa mbele ya wageni."

"Na wakishikana?"

Hapo Loveness aliwaza msiba wa babu yake, kule Mpwapwa. Watani wa Kisukuma walikuja wakajilaza njiani, wakazuia jeneza lisipite mpaka walipwe, mmoja akiigiza kikohozi cha marehemu sawasawa, na bibi yake, aliyekuwa hajala tangu mume wake akate roho, akacheka mpaka akaomba uji. Lakini ule ulikuwa msiba. Huu ulikuwa ugomvi wenye mapanga.

Davis naye akafanya wanachofanya wanadiplomasia wote: akatazama dirishani, akasema, "Mimi sijasikia kitu."

Siku ikafika. Maturubai yakafungwa pale Nyarugusu, viti vikapangwa, wageni wawili wakaketishwa mbele wakiwa wekundu kwa jua. Mzee Masele akaingia na kofia yake ya pama, kofia iliyokula jua miaka mingi mpaka usiku ilikuwa inatoa mwanga kidogo. Mzee Eliya akasimama, akainama.

"Habari za asubuhi, mheshimiwa."

"Njema sana, ndugu yangu. Tafadhali, keti."

Mgeni mmoja akatabasamu. Loveness, aliyekuwa anapitisha soda, akaweka trei chini. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Mzee Masele, akamvua kofia kichwani, akaivaa yeye.

"Kofia imetekwa!" akatangaza. "Mimi Mgogo wa Mpwapwa sina ng'ombe, sina mvua, leo angalau nina kivuli. Anayeitaka aikomboe!"

Hata nzi wa Nyarugusu wakatua. Vijana wa wafugaji wakashika fimbo. Davis akashika kichwa.

Mzee Masele alimtazama bila kupepesa. Kipara chake kilikuwa kinang'aa. "Wewe binti ni wa nani?"

"Wa Wagogo, babu. Na shikamoo sikupi. Leo na wewe uiombe."

Mzee huyu akisema tafadhali, aliwaza Loveness, tumekwisha.

Mzee Masele akavuta pumzi.

"Mwizi!" akanguruma. "Wagogo! Mmeomba mpaka bakuli limetoboka, sasa mmeanza kunyang'anya!"

Nyuma mtu akacheka, akajiziba mdomo. Mzee Eliya alikuwa anauma midomo, anatazama chini, anatazama juu. Ikamshinda.

"Mrudishie, binti. Kichwa cha Msukuma kikipigwa jua kinaota pamba."

"Nyamaza wewe! Nyie mkiona wingu tu mnaamka na kulikingia chombo!"

"Na wewe ukipewa ndege utauliza inakula majani gani!"

Wafugaji wakaangua kicheko, wachimbaji wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Mzee Masele akasogea mpaka pua zikakaribia kugusana, na sauti yake ikabadilika.

"Umeniulia mtamba, Mgogo. Umeniulia mtamba, halafu hata kuja kunicheka hukuja. Mtani gani wewe?"

Kicheko kikafa. Mzee Eliya akafuta uso kwa kiganja.

"Ningekuja na uso gani, Masele? Zebaki ni yangu. Mtu atachekaje kilio alichokileta mwenyewe?"

"Ungekuja tu. Ungelala mlangoni kwangu udai nyama, ningekutimua kwa fimbo, yangekwisha. Wewe ukaniita mheshimiwa."

"Na wewe ukakata mipira yangu, kisha ukaniita ndugu."

"Nilikuwa na hasira."

"Hata mimi niliona. Ndugu! Nilikosa usingizi."

Mgeni mmoja akamwinamia Davis akauliza kinachoendelea. Davis, macho yakiwa yamelowa, akajibu, "Mazungumzo ya ngazi ya juu."

"Kofia bado iko kwangu," akakumbusha Loveness. "Inakombolewa kwa kitu gani?"

Mzee Masele akajikuna kipara. Akasema ana mikokoteni na maksai wake. Wachimbaji wakihamishia mwalo wao kule chini kwenye mteremko, mbali na lambo, maksai watawabebea viroba vya mchanga.

"Nami nifanyeje, nikae tu?" akaruka Mzee Eliya. "Vijana wangu huchimba mchana kutwa kutafuta wasichokiona. Watashindwa kuchimba wanachokiona? Tutachimba shimo la kuzuia maji machafu, tulitandike turubai. Na ng'ombe zake tutazijengea mbirika ya maji safi, maana Msukuma mwenyewe hawezi, atalala ndani yake."

Kofia ikarudi kichwani kwa mwenyewe, wakasaini. Na hapo, jamani, ndipo fahali wa Mzee Masele, jina lake Balozi, alipoingia mwenyewe chini ya turubai, akaunusa mkataba, akachovya kwato kwenye wino wa muhuri, akapiga paa! chini ya sahihi ya Mzee Eliya. Wageni wakasimama kwa heshima. Mmoja akampa mkono.

"Mzee," akasema Altaf.

"Naam."

"Maturubai ya siku ile yalikuwa ya nani?"

"Ya... yako, Altaf."

"Na nani alikaa nayo mpaka yakafunguliwa?"

Nikatazama barabara.

"Fahali aliingia?"

"Alipita."

"Alipita wapi?"

"Kwa mbali. Ng'ambo ya kilima."

Kibaraza kizima kikalipuka. Eufrasia muuza kahawa akaimwaga yangu chini kama adhabu ya uongo. "Kwa hiyo hata kupatana ni uongo?" akauliza.

"Hapana, hilo kweli," Altaf akasema. "Juzi nimepeleka mzigo Nyarugusu. Ndama wanakunywa kwenye mbirika mpya, na wale wazee wawili wanatukanana mpaka unaziba masikio. Yule binti ameajiriwa. Chai sasa wanachemsha kwa zamu, Davis akiwemo. Mzee, jogoo."

Nikaenda kumleta. Altaf akamchinja kwa mkono wake, Eufrasia akaunga mchuzi wa nazi na pilipili, na mimi nikapewa paja, kwa heshima ya marehemu.

Sijalitia mdomoni, Loveness akapita anatoka kazini, kitambulisho shingoni. Akanitazama, akatazama sahani, akajua mimi ni Msukuma bila kuuliza.

"Limetekwa," akasema, akaondoka nalo anatafuna.

Ningesema nini?

"Mwizi!" nikampigia kelele. "Wagogo nyie!"

Akageuka akacheka, na mchuzi kidevuni.