Kinyago cha Kilo Hamsini

Mume wangu Tumijan amecheza reog, ngoma yetu ya vinyago, miaka thelathini. Kinyago chake ni kichwa cha simbamarara chenye pazia la manyoya ya tausi, kilo hamsini, na mchezaji hukibeba kwa meno, kwa kung'ata kipande cha mbao kilichomo ndani. Kisukari kilipompata, aliacha sukari kwenye chai akaona yameisha. Mbishi huyo, nimemzoea.

Alipoanza kuona nyuzi nyeusi zikielea machoni, nilimburuta kliniki. Daktari, binti mpole, alimpima presha ya macho: kumi na saba.

"Si unaona? Mimi mzima," akasema Tumijan. Kabla hatujamzuia, akang'ata kiti cha watu na kukiinua juu, shingo imetuna.

Daktari akamwahi na kifaa chake. Ishirini na tisa.

"Mzee, ukibana pumzi ukijikaza hivyo, presha ya jicho inapanda. Na mishipa ya macho yako kisukari kimeshaidhoofisha. Ikipasuka, unaweza usione tena."

"Jumapili ni sherehe ya kijiji. Nimemwahidi mjukuu wangu kumpandisha kinyagoni."

Njiani nikamwambia, "Baba Ratih, mwachie Jarwo, yule kijana wa kundi lenu, akibebe."

"Jarwo? Meno yale ya kulia uji?"

Nilikuwa naogopa.

Jumapili ngoma zikaanza. Mjukuu wetu Wening, miaka sita, akakaa juu ya kichwa cha simbamarara, kajipamba. Tumijan akapiga magoti, akaingia ndani. Nikaona shingo inatuna. Kisha ikalegea. Akatoka, akaifuta ile mbao kwa shati lake, akamwita Jarwo.

"Usibane pumzi, mjinga wewe. Na ukimwangusha huyu, utanitambua."

Jarwo akainuka naye. Manyoya yakafunguka, Wening akacheka hadi pengo likaonekana. Tumijan alisimama kando yangu, hajui mikono aiweke wapi. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyaficha.

Mama yake Wening, Ratih wetu, naye alipandishwa hapo hapo alipokuwa mdogo. Aliyembeba ni baba yake, na aliye ndani ya kinyago hamwoni aliye juu.

"Mama Ratih," akaniuliza taratibu, "na Ratih alikuwa anacheka hivi?"

"Hivi hivi," nikamwambia.