Kiti cha Dirishani

Siku ya tatu ya likizo, mapacha walitangaza kwamba bahari imewachosha. Walikuwa wamejenga ngome saba za mchanga, wamemeza maji ya chumvi ya kutosha, na sasa walitaka kitu chenye miguu minne.

"Simba," alisema pacha mkubwa, aliyemtangulia mwenzake duniani kwa dakika tisa na hajawahi kumruhusu asahau.

"Kiboko," alisema pacha mdogo, kwa sababu hakuwa tayari kukubaliana na dada yake hata kuhusu mnyama.

Mama yao ni mwalimu wa chekechea, na mwalimu wa chekechea hawezi kustarehe bila ratiba. Kumbe alikuwa ameshaulizia kwa mwenye nyumba waliyopanga: hifadhi ya wanyama iko mwendo wa saa moja na nusu, lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na jirani anakodisha gari la viti saba. Akasukuma vikombe vya chai pembeni, akachana karatasi ya daftari, akachora viti saba vizuri kama anavyowachorea watoto wake wa darasani. Watu walikuwa sita, hivyo kiti cha saba akakipa kapu la chakula. Kiti cha usukani alikiandika kabla mumewe hajamaliza kumeza chai. Aliandika: Dereva.

Hakumuuliza, na kwa nini amuulize? Mumewe amekuwa dereva wa basi la masafa marefu kwa miaka ishirini na mitano. Kazini anaitwa Dereva, mtaani anaitwa Dereva, na hata mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi mkabala naye akimenya yai, humwita Dereva kila anapokuwa radhi naye.

Sasa kuna jambo ambalo Dereva hakuwa amemwambia mtu. Njia ya basi lake inakatiza katikati ya hifadhi nyingine, kubwa, ambayo kuivuka ni saa nzima. Kila safari, abiria huhamia upande mmoja, simu juu, na kelele za tembo wale, ona mtoto wake, ona masikio. Basi zima linaona. Asiyeona ni mmoja tu, maana lazima apatikane mtu wa kuangalia barabara. Enzi za ujana hilo halikumsumbua. Lakini miaka imekwenda, na siku hizi akifika mwisho wa safari, abiria wakashuka wakisimuliana walichokiona, yeye hubaki na basi tupu na maganda ya machungwa, akajisikia mpweke. Kinyozi hajinyoi, ndiyo, lakini kinyozi naye ana nywele. Alichokitaka kwenye likizo hii kilikuwa kidogo mpaka akakionea aibu: akae kiti cha nyuma, dirishani, amtazame mnyama mpaka atosheke.

"Mimi sina makuu," mama mkwe alisema akinyunyiza chumvi kwenye yai. "Nina sharti moja tu. Usukani ashike mkwe wangu. Akishika mwingine yeyote, nendeni, mimi nitabaki hapa na bahari yenu."

Hapo ndipo Dereva alipoamua kutosema lake. Mama huyu, enzi hizo za posa, alikataa katakata binti yake kuolewa na dereva. "Dereva ana kwake kila kituo," alisema, na hakuwa anamsifu. Ilichukua miaka mingi ya kuondoka na kurudi salama, miaka ya kumleta mkewe kwa mama yake kila alipoahidi, hadi ulimi wake ukalainika. Leo mama huyo huyo anatangaza mbele ya watoto kwamba roho yake ameiweka mikononi mwa mkwe. Heshima kama hiyo utaikataaje? Mficha uchi hazai, walisema wahenga, ila nina hakika siku walipoyasema hayo hawakuwa wameketi meza moja na mama mkwe.

"Sawa, mama," alisema Dereva, akamalizia chai yake iliyokwisha poa.

Mchana jirani alileta gari. Dereva alilikagua kama mtu anayenunua ng'ombe: magurudumu, oili, maji, taa, vioo. Alipomaliza alitazama huku na huku, akaona uwanja mtupu, akafungua mlango wa kati na kuketi dirishani. Akateremsha kioo. Akaegemeza kiwiko. Mbele yake palikuwa na ukuta na kamba ya nguo iliyoanikwa kaptula za kuogelea, naye akaitazama kwa hamu kubwa.

"Baba, unafanya nini?" Pacha mdogo alikuwa amesimama pale na ndoo yake.

"Nakagua kiti."

"Kina nini?"

"Hakina kitu. Ndiyo nimekagua, nikajua hakina kitu."

Pacha mdogo akaridhika, akaenda zake. Binti mkubwa, aliyekuja na taulo za kuanika, hakuridhika. Huyu ana miaka ishirini na mmoja, yuko chuoni, na leseni yake ya udereva ilikuwa na miezi minane. Akaja akaegemea mlango wa gari.

"Baba, twiga umewaona mara ngapi?"

"Wengi tu. Wanavuka barabara mbele yangu."

"Wakoje?"

Dereva akafikiri. Si mtu wa kutia chumvi. "Twiga namfahamu mpaka magotini," alisema. "Juu ya hapo sina habari zake."

Binti alijizuia kidogo, kisha akashindwa, wakacheka wote wawili mpaka gari likatikisika. Alipopata pumzi akasema, "Basi kesho nipe ufunguo. Nitaendesha mimi."

Kicheko cha baba kikakatika. Alikuwa amemfundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni kwenye uwanja wa shule, na binti alifaulu mtihani mara ya kwanza. Lakini tangu siku hiyo alikuwa amemwachia gari la nyumbani mara mbili tu: kulitoa kwenye kivuli na kulirudisha kwenye kivuli. Siku nyingine zote sababu haikukosekana. Mvua inanyesha. Jua linapiga machoni. Mara moja sababu ilikuwa ni Jumatatu.

"Bibi yako hatakubali," alisema.

"Bibi nitamwomba mwenyewe. Nakuuliza wewe, baba."

Dereva akashika kitasa cha dirisha, akakiachia.

"Haya," alisema binti, akarudi kwenye taulo zake. Neno hilo moja lilimchoma baba kuliko kama angenuna. Alibaki kwenye kiti akijisikia vibaya. Mchana kutwa alikuwa akimlaumu mama mkwe moyoni kwa kumfungia dirisha, kumbe ufunguo alikuwa nao yeye mfukoni.

Jioni walikula barazani, jua likiwa bado halijazama. Mama watoto alisoma ratiba: kuamka saa kumi na moja, mayai ya kuchemsha kumi na mawili, maji chupa nane, kila mtu na kofia yake, na ndoo ya mchanga haiendi kokote.

"Dereva," aliuliza mama mkwe, "utatutoa hapa saa ngapi?"

Dereva akapiga moyo konde. "Mama, nina ombi."

Vijiko vikasimama. Mtu huyu hakuwa ameomba kitu katika familia hii tangu siku ya posa.

"Naomba kesho nisiendeshe. Nataka nikae dirishani niwaone wanyama. Miaka ishirini na mitano nawapita tu. Sijawahi kuwatazama."

Mkewe akaweka kalamu chini. "Mbona hukuniambia, baba watoto?" alisema taratibu. Kisha akaitazama karatasi yake, akaona alivyokuwa amemwandika bila kumuuliza, akainamisha macho.

Mama mkwe hakuinamisha yake. "Na usukani?"

"Mwanangu."

"Unamwamini?"

"Nimemfundisha mwenyewe, mama, na alifaulu mara ya..."

"Sikukuuliza alivyofaulu. Nimekuuliza kama unamwamini."

Binti alikuwa anaiangalia sahani yake. Dereva alijua jibu rahisi ni lipi, na alijua mwanawe angelitambua kuwa ni la uongo.

"Yeye yuko tayari zamani, mama," alisema. "Ambaye hajawa tayari ni mimi. Naogopa. Nimemnyima gari miezi minane kwa visingizio. Hata Jumatatu nimeisingizia."

Pacha mkubwa akapaliwa na maji. Mama mkwe alitafuna kwa muda mrefu, akameza, akapangusa mdomo.

"Mimi nilikunyima binti yangu miaka miwili mizima," alisema, "kwa visingizio vya aina hiyo hiyo. Haya. Nitakaa mbele na mjukuu wangu. Lakini na wewe una sharti lako. Sitaki kusikia punguza, sitaki kusikia angalia, sitaki kusikia kushoto. Na mguu nao una mdomo. Kila ukikanyaga breki isiyokuwepo nakuhesabia, na ikifika mara tatu unarudi kwenye usukani." Akamgeukia pacha mdogo. "Mume wangu, wewe utaulinda mguu wa baba yako."

"Sawa, bibi," alisema pacha mdogo, kwa uzito wa askari wa zamu.

Mama watoto akageuza karatasi, akachora viti upya. Safari hii alimuuliza kila mtu anataka kukaa wapi.

Walitoka kabla ya jua. Kilomita kumi za kwanza Dereva aliteseka kama mtu anayeng'olewa jino. Kila kitu kilimjia kwa kasi ambayo mwili wake uliitambua na mikono yake haikuwa na la kufanya. Lori lilipowasha taa nyekundu mbele yao, mguu wake ukaenda chini wenyewe.

"Bibi, mguu!"

"Moja," alisema mama mkwe bila kugeuka.

"Ulikuwa umekufa ganzi," Dereva alijitetea.

Kwenye mzunguko wa njia nne binti alisubiri, akasubiri tena, akaingia. Mkeka wa gari ukalia chini ya kiatu cha Dereva.

"Bibi!"

"Mbili."

Mkewe, aliyekaa ubavuni mwake, alikuwa anacheka kimyakimya mpaka kapu linatikisika. Dereva akaona hapa si mahali pa mchezo. Akavua kiatu, akaukunja mguu wake wa kulia, akaukalia.

Langoni wakafunguliwa. Njia ikawa ya vumbi, majani marefu pande zote, na hawakwenda mbali. Twiga alikuwa amesimama kando ya njia, karibu kiasi kwamba ilibidi Dereva atoe kichwa dirishani kumfuata kwenda juu. Akamfuata: mabega, shingo isiyoisha, na ndege mdogo akipanda shingoni humo kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Twiga alikuwa na kope ndefu. Alikuwa na ulimi mweusi, akichuma majani katikati ya miiba bila haraka, akamtazama Dereva kwa upole.

"Ana kope," alisema Dereva. "Mama watoto, ana kope." Akacheka, machozi yakamtoka, hakujali kuyafuta. Furaha ilimjaa mpaka akamshika mkewe mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Baada ya hapo hakunyamaza. Aliwaonyesha pundamilia, aliwaonyesha ngiri wakikimbia mikia juu. Pacha mdogo alipata kiboko wake, yaani masikio mawili na pua, akadai inatosha. Simba hakuonekana, lakini pacha mkubwa alishikilia kwamba jiwe fulani ni simba, na kwa ajili ya amani wote wakakubali ni simba.

Kilichofuata Dereva hakukiona, kwa hiyo nitakieleza mimi. Njia ilishuka kuelekea mtoni, nyembamba, yenye tope, na kona kali katikati. Walipokuwa ndani ya kona, gari kubwa likatokea chini likipanda. Binti alisimama. Akatazama vioo vyote viwili, akarudi nyuma kinyumenyume, taratibu, mpaka palipo pana, akalipisha lile gari, akainua mkono kumsalimu mwenzake, kisha akashuka kwa gia nzito mpaka chini. Mama mkwe alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili na anaomba dua.

Ng'ambo ya mto palikuwa na tembo na mtoto wake, na mtoto alikuwa anajifunza kutumia mkonga, anauzungusha, anaukanyaga mwenyewe.

Walipofika tambarare mama mkwe aliachia mpini. "Dereva."

"Naam, mama."

"Nimekuondolea sharti, sema. Pale kwenye kona, alivyorudi nyuma na kulipisha lile gari. Alifanya sawasawa?"

Dereva akageuka kutoka dirishani. Alimtazama mama mkwe, akaitazama njia waliyotoka, akajitahidi kukumbuka.

"Kona ipi, mama?"

Katika kioo cha kutazamia nyuma aliyaona macho ya mwanawe yakimtazama, yamejaa machozi na yanacheka, akaogopa amesema vibaya. Mama mkwe ndiye aliyemtoa wasiwasi. Alicheka mpaka kofia ikamwangukia magotini, akampigapiga mjukuu wake begani.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia. "Endesha."

Binti akajifuta macho kwa mkono, akaingiza gia, na baba yake akarudi kumtazama mtoto wa tembo.