Namba za Watu

Miaka miwili nimelipwa kuwa mtu mwingine. Chuoni Mississippi nilicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, nikaubeba mpaka magoti yakalia, lakini siku timu kubwa zilipochagua vijana, yalisomwa majina zaidi ya mia mbili, langu halikuwemo. Nikapiga simu mwenyewe, nikabembeleza, nikapewa nafasi kikosi cha mazoezi. Kila Jumatano nakuta kizibao chekundu kabatini, kina namba ya mbeba mpira tutakayekutana naye Jumapili. Natazama video zake, kisha namwigiza uwanjani ili mabeki wetu wajue kumwangusha. Jumapili yenyewe navaa koti, nakaa pembeni.

Kazi hiyo naiweza mno, na hilo ndilo balaa langu.

"Kocha, nipe mechi moja tu," nilimwambia Kocha Pruitt.

"Nikikupa mechi, Mottley, nani atatuigizia?"

Gatewood, nahodha wa mabeki, akanigonga bega. "Usituache yatima, dogo. Siku ya Jumatano hata mama yako hakujui wewe."

Wakacheka. Mimi nilitamani kuvunja kitu.

Novemba, wabeba mpira wetu wawili wakaumia katika mechi moja. Niliingizwa mwishoni, nikabeba mara tano, nikasonga mbele yadi arobaini na moja. Mama alinipigia simu akipiga kelele za furaha mpaka nikaiweka mbali na sikio. Kocha akatangaza kwamba Jumapili ijayo naanza mimi. Nikajiambia, nikifanya vizuri siku hiyo, kizibao chekundu sikivai tena.

Sikufanya vizuri. Kila upenyo niliouendea, mtu alishasimama ananisubiri. Mara kumi na tatu, yadi kumi na saba. Mashabiki wetu walinizomea, na sikuwalaumu.

Mechi ilipokwisha nikamfuata Upshaw, niliyecheza naye chuoni. Kwa wapinzani wetu wale anafanya kazi kama yangu.

"Niambie ukweli, Upshaw. Wiki hii wewe ndiye uliyekuwa mimi mazoezini?"

Akaangalia viatu vyake. "Wewe sikukuigiza, kaka. Kocha wetu alitazama video ya mechi yako, akasema hapa anakata kama yule mbeba mpira wa Denver, hapa anazunguka kama yule wa Dallas, hapa anaruka kama yule wa Seattle. Nikavalishwa vizibao vitatu. Chako hakikuwepo."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Niliwaambia chuoni hukuwa unakimbia hivyo. Wakasema hayo ya zamani."

Jumanne nikarudishwa kikosi cha mazoezi. Jumatano kizibao kikanisubiri kabatini, nikakivaa kwa hasira. Mpira wa kwanza niliopewa, nikasahau video zote. Nikakimbia kama nilivyokimbia Mississippi, kichwa chini, magoti juu, bila madoido. Nikamwangusha Gatewood, nikawapita wenzake, nikafika mstari wa mwisho. Nilisimama pale nahema na kucheka peke yangu.

Kocha Pruitt akapuliza filimbi, uso umemwiva. "Nini hicho, Mottley? Huyo siye! Jumapili hakuna mtu anayekimbia hivyo. Rudia!"

Gatewood alikuwa bado kakaa kwenye nyasi. "Sasa huyu aliyenipita ni nani?"

Nikarudi kwenye mstari, nikapewa mpira, nikakimbia kama yule mpinzani wa Jumapili. Gatewood akanidaka kiunoni, akanibwaga chini.

Kocha akapiga makofi.