Matofali ya Shangazi Bilha

Chuoni Maseno walipopewa hojaji kuhusu ujenzi unaotunza mazingira, Nanyama alipata alama ishirini na tisa kati ya thelathini, na wenzake darasani hawakuwa mbali. Majibu waliyajua wote. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kufyatua tofali.

Kichwa kikiwa kimevimba hivyo, akamshawishi shangazi yake Bilha, mwenye shule ndogo ya chekechea Nyamasaria, asikate miti yake minne ya kivuli ili kuchomea matofali ya darasa jipya. Watumie matofali ya kushindiliwa kwa mashine: udongo, saruji kidogo, bila moto. Shangazi akakubali shingo upande.

Baada ya wiki, matofali yote mia mbili waliyofyatua yalikuwa yamepasuka. Nanyama alitamani ardhi immeze.

"Wakata miti wanakuja Jumatatu, baada ya wiki mbili," shangazi akasema. "Watoto wangu hawawezi kukaa ndani ya kitabu yako."

Nanyama akamkimbilia fundi Wechuli, aliyewakodishia mashine. Mzee akaja, akaokota kipande, akakiponda, akacheka mpaka akakohoa.

"Hii udongo mlitoa wapi?"

"Hapa kwa ploti, Mzee. Tulifundishwa tutumie kitu ya karibu."

"Hii nyeusi? Mvua ikinyesha inafura, jua ikiwaka inapasuka! Uliangusha donge kwanza?"

Hakuwa ameangusha, wala hakujua kwamba donge huangushwa. Aliona haya, lakini akaomba afundishwe. Wechuli akalowesha udongo mweusi, akaufinyanga, akauachia kutoka usawa wa kifua. Ukabaki donge moja. Kisha akalowesha na kuangusha donge la murram, udongo mwekundu wenye changarawe aliokuja nao, likavunjika vipande vichache.

"Ikishikana kama ile nyeusi, wacha. Ikivunjika hivi, fyatua."

Wakafyatua upya kwa murram. Kwa siku saba Nanyama alifunika matofali kwa magunia na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni, roho mkononi.

Jumatatu wakata miti wakafika na msumeno. Shangazi akainua tofali moja juu ya kichwa, akalibwaga kwenye jiwe. Nanyama akafumba macho. Alipoyafumbua, tofali lilikuwa zima. Shangazi, ambaye si mtu wa kuamini upesi, akabwaga la pili, na la tatu.

Akawageukia wenye msumeno. "Poleni kwa safari. Kunyweni chai, mrudi."

Kisha akamtazama Nanyama. "Na wale wenzako wanajua kila kitu, waje wote Jumamosi. Waambie wavae nguo ya kazi."